Mita Moja, Milango Kumi na Tisa: Tunamkumbuka Bi Hodi

Ngo, ngo, ngo.

Wasikilizaji wapendwa, msiinuke. Hakuna mgeni mlangoni kwenu. Ni mimi hapa studioni, nimegonga meza kwa kifundo cha kidole. Nimegonga mara tatu kwa sababu mwanamke tunayemkumbuka leo aligonga mara tatu. Si mbili, si nne. Kisha alipaza sauti: "Hodi!" Kisha akasubiri.

Alisubiri kweli. Wengi wetu tunapiga hodi huku mguu mmoja umeshaingia ndani. Yeye alisimama nje, daftari kwapani, mpaka aambiwe karibu. Ndiyo maana watu wakamwita Bi Hodi. Jina lake jingine lilibaki kwenye vyeti.

Bi Hodi alikuwa msoma mita. Alisoma mita za umeme za mji mmoja kwa miaka thelathini na mitatu. Alifariki Jumanne iliyopita asubuhi, usingizini, akiwa na miaka sitini na tisa.

Wasikilizaji wapendwa, turudi naye mwanzo.

Alizaliwa bondeni. Ninaposema bondeni nasema kule chini, nyuma ya kiwanda cha saruji, ambako nyumba zimebanana kama meno ya kitana na vumbi jeupe hutua juu ya nguo kabla hazijakauka. Alizaliwa katika nyumba ndefu ya bati yenye ukumbi mmoja katikati na milango pande zote mbili. Milango kumi na tisa. Alizaliwa chumba cha tatu mkono wa kushoto. Kumbukeni nyumba hiyo, tutairudia.

Mdogo wake, ambaye ni fundi cherehani mpaka leo, anaukumbuka ukumbi ule. "Asubuhi ulikuwa huoni mlango wa mwisho," anasema. "Kila mlango ulikuwa na jiko lake la mkaa nje. Majiko kumi na tisa yanafuka kwa pamoja. Mama alikuwa akitutuma tunapapasa ukuta kama vipofu. Dada alikuwa akinishika mkono, anahesabu milango kwa kugusa. Moja, mbili, tatu, nne. Tukifika kwa jirani, anagonga mara tatu. Nilimuuliza, kwa nini tatu? Akasema, ya kwanza anaisikia, ya pili anavaa, ya tatu anafungua."

Alikuwa na miaka ishirini na saba alipopata kazi kampuni ya umeme. Alikuwa mwanamke wa kwanza kwenye kikosi chao. Msimamizi, mzee mmoja mwenye masharubu kama brashi ya viatu, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Binti, mita zimefungwa juu. Wewe umefungwa chini. Utasomaje?"

Kesho yake Bi Hodi alikuja na fimbo ya fagio. Kwenye ncha ya fimbo alikuwa amefunga kioo kidogo cha pikipiki. Aliinua fimbo, akakiinamisha kioo, akazisoma tarakimu kutoka chini, zikiwa zimegeuka kinyume. Hakukosea hata moja. Msimamizi alicheka mpaka masharubu yakatikisika. Kisha akampa somo la kazi, somo ambalo Bi Hodi alilishika kwa miaka thelathini na mitatu: "Msoma mita hahesabu watu. Mita ndiyo mteja. Mita moja, mteja mmoja. Ukianza kuhesabu watu, hutamaliza mtaa."

Wasikilizaji wapendwa, lishikeni somo hilo. Mita moja, mteja mmoja.

Basi akatembea. Alipanda mlimani, ambako nyumba zina bustani na mbwa wanaokula vizuri. Alishuka bondeni, ambako mbwa hawana mwenyewe lakini nao wana maoni yao. Binti yake, ambaye leo ni mwalimu, anasema viatu vya mama yake vililika upande wa nje tu, kwa ule mteremko. "Na alikuwa amezoea kusoma kinyume," anasema huku akicheka. "Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake, yeye anaitazama kwenye kabati la vioo. Ukimuuliza saa ngapi, anakujibu sawasawa."

Siku aliyostaafu alipewa cheti. Kilisema kwamba mtumishi huyu, kwa miaka thelathini na mitatu, hakuandika tarakimu isiyo sahihi hata moja. Alikitundika sebuleni, juu ya redio. Mgeni akiingia alisomewa. Mjukuu wake wa kike anasema, "Bibi alikuwa anakifuta vumbi kuliko alivyokuwa anatufuta sisi nyuso."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo hadithi inapopinda.

Miaka mitatu baada ya kustaafu, kulibandikwa orodha kwenye ubao wa ofisi ya nishati ya mji. Ilikuwa orodha ya mitaa. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa nishati safi, na mpango ulisema jambo jema: wanaoumia zaidi na joto, moshi na mafuriko watangulie. Watangulie kupata umeme wa jua juu ya mapaa. Watangulie kupata majiko yasiyofuka. Watangulie kuchimbiwa mitaro. Mitaa kumi na sita ilichaguliwa.

Bondeni haikuwamo.

Bondeni, ambako mvua ikinyesha maji huingia kabla ya mwenye nyumba. Bondeni, ambako bati likipata jua la saa nane watoto wachanga hulazwa sakafuni wapate ubaridi. Bondeni, nyuma ya kiwanda. Haikuwamo.

Pembeni ya orodha palikuwa na maelezo mafupi. Yalisema kaya za bondeni hutumia umeme mara tatu kuliko kaya za mlimani. Kwa hiyo si maskini. Kwa hiyo wasubiri.

Habari ilipofika kwa kinyozi wa bondeni, alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja. "Kumbe sisi ndio matajiri!" alisema. "Jamani, kuanzia leo sinyoi mtu bila miadi. Na wewe hapo, ondoa ndala kwenye zulia langu." Zulia lenyewe lilikuwa kipande cha boksi. Watu walicheka. Walicheka kile kicheko ambacho mwisho wake kila mtu anatazama chini.

Mtu mwenye pingamizi alipewa siku kumi na nne kulipeleka. Siku kumi na nne, kisha orodha inafungwa kwa miaka kumi. Fundi cherehani, yule mdogo wake Bi Hodi, alikuwa bado anaishi katika nyumba ile ile ya milango kumi na tisa. Alikuwa na kifua. Moshi wa ukumbini ulikuwa umemwachia kikohozi kisichoisha. Alikwenda kwa dada yake, akakaa, akakohoa, akasema, "Dada, wewe unajua watu wa umeme. Miaka kumi mingine ya moshi huu mimi sitaimaliza. Nenda ukawaulize wamehesabu nini."

Wakaenda wote wawili. Ofisini walimkuta mchoraji wa ramani, msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, mpole, mwenye kompyuta mbili mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kuuliza. Nani amewaambia bondeni kuna matajiri?"

"Bibi, si maneno yangu. Ni takwimu. Tumechukua umeme wote wa mtaa, tukagawa kwa idadi ya kaya. Bondeni kuna mita mia moja arobaini na mbili, na kaya mia moja arobaini na mbili."

Fundi cherehani akaruka. "Kaya mia moja arobaini na mbili! Mwanangu, nyumba yetu peke yake ina kaya kumi na tisa! Nani huyo mlevi aliyehesabu?"

Msichana alifungua picha ya fomu. Ilikuwa fomu ya kijani, ile iliyojazwa na wasoma mita, nyumba kwa nyumba. Palikuwa na namba ya mita. Palikuwa na usomaji wa mita. Na palikuwa na kisanduku kidogo: idadi ya kaya. Ndani ya kisanduku, kwa wino wa bluu, iliandikwa moja.

Bi Hodi alisogea karibu na kioo cha kompyuta. Kwenye namba ya mita palikuwa na saba mbili, kila moja imekatwa tumboni kwa mstari mdogo, kama imevaa mkanda. Mtu mmoja tu mjini aliandika saba hivyo.

Ilikuwa fomu yake. Aliijaza mwenyewe, mwaka wake wa mwisho kazini. Mita moja, mteja mmoja. Alifika kwenye kisanduku, akaandika moja, akaenda nyumba ya pili. Kule mlimani, moja ilikuwa kweli. Bondeni, nyuma ya mita moja walikuwa wamejipanga watu wa milango kumi na tisa. Umeme wao ukakusanywa pamoja, ukaandikwa ni wa mtu mmoja, na huyo mmoja akaonekana mkubwa kama mwenye kiwanda.

Mdogo wake alikuwa bado anafoka. "Nani huyo? Tutajie tu jina, tumfuate kwake!"

Bi Hodi akasema, "Twende nyumbani."

Wasikilizaji wapendwa, binti yake anatuambia kwamba jioni ile mama hakula. Alikaa mbele ya cheti mikono mapajani. "Nilidhani anaumwa," anasema binti. "Nikamuuliza, mama, una nini? Akaniambia, 'Nilizaliwa chumba cha tatu. Nilishika ule ukuta. Niliihesabu ile milango kwa mkono wangu nikiwa mtoto wa miaka sita. Halafu nikaja kuwa mtu mzima mwenye daftari, nikaandika moja.' Nikamwambia, mama, ndivyo mlivyofundishwa. Akasema, 'Ndiyo. Na cheti ni changu, au cha aliyenifundisha?'"

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Mdogo wake hakuzijua zile saba. Msichana wa ramani hakumjua mwandishi. Zilikuwa zimebaki siku tano. Waswahili tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tuseme kweli, wapo walioficha wakazikwa kwa heshima zote.

Asubuhi alikishusha cheti ukutani. Akakifunga kwenye kanga. Akachukua na ile fimbo yenye kioo, kwa sababu goti lilikuwa limeanza kumsumbua na alihitaji kitu cha kuegemea. Akaenda kwanza kwa mdogo wake.

"Yule mlevi unayemtafuta," alimwambia, "ni mimi."

Fundi cherehani aliacha kanyagio la cherehani. Alikohoa. Mwisho akasema, "Dada, wewe hunywi."

"Basi ni mbaya zaidi. Niliandika nikiwa timamu."

Tulimuuliza fundi cherehani kama alimkasirikia. Alifikiri kidogo. "Nilimkasirikia kama robo saa," alisema. "Kisha akaniomba nimshike mkono kwenye ngazi za ofisi, tupeleke pingamizi. Utamshika mkono mtu huku umemnunia? Haiwezekani. Vidole vinakataa."

Kikao cha mapingamizi kilikaa siku iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa ofisa mmoja mwenye tai na haraka. Bi Hodi alisimama, akafungua kanga, akakiweka cheti mezani.

"Hiki kinasema sikukosea tarakimu," alisema. "Ni kweli. Tarakimu hazikukosewa. Waliokosewa ni watu. Fomu za bondeni nilizijaza mimi. Nilihesabu mita, sikuhesabu kaya. Naomba mzifute."

Mwenyekiti akavua miwani. "Bibi, unataka tuamini kwamba msoma mita mwenye cheti hiki aliandika vibaya mtaa mzima?"

"Sitaki uamini, baba. Kuamini ni kwa ibada. Nataka uje tupige hodi."

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti aliangalia saa yake, akaangalia cheti, akaangalia zile saba kwenye fomu ambazo msichana wa ramani alikuwa ameshazifungua bila kuambiwa. Akasema, "Nyumba moja tu."

Walikwenda wakati wa mapishi ya mchana. Ukumbi ulikuwa unafuka. Mwenyekiti alifika mlango wa pili, akatoa leso. Alifika wa nne, akalegeza tai. Bi Hodi alisimama katikati, akainua ile fimbo, akagonga nguzo ya paa mara tatu. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi jamani!"

Na kutoka ndani ya ule moshi, upande wa kushoto, upande wa kulia, karibu na mbali, zikaja sauti. Karibu. Karibu, Bi Hodi. Karibu mama. Karibuni ndani. Sauti ya mzee, sauti ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, sauti ya kinyozi, ambaye alikuwa akiishi chumba cha kumi na mbili, akiongeza, "Karibuni kwa matajiri!"

Msichana wa ramani alikuwa akihesabu kwa kalamu. "Kumi na nane," alisema.

"Subiri," alisema Bi Hodi. "Ya kwanza anaisikia, ya pili anavaa."

Mlango wa mwisho ukafunguka. Akatoka kibarua wa zamu ya kiwandani, shati amelivaa nje ndani, macho bado na usingizi. "Karibuni," alisema. "Kuna nini?"

Kumi na tisa.

Mwenyekiti alitoka nje kupumua. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na hatutasema ni moshi wala si moshi. Alisema, "Nina siku tatu. Nileteeni mtaa wote."

Wakauleta. Wapangaji wenyewe walihesabu, kila nyumba ikatoa mtu wake, na Bi Hodi akawafundisha kwa kanuni moja. "Msihesabu milango," alisema, "mlango unaweza kuwa wa stoo. Pigeni hodi. Stoo haijibu. Akijibu mtu, muulizeni anapika chungu chake au anakula cha mwenzake. Chungu kimoja, kaya moja." Siku ya tatu jioni msichana wa ramani alijumlisha. Mita mia moja arobaini na mbili. Kaya elfu moja mia nane na sita. Alizirudia mara mbili kwa sauti, kama sisi tunavyozirudia kwenu. Mita mia moja arobaini na mbili. Kaya elfu moja mia nane na sita.

Orodha ilipobandikwa upya, ilikuwa na mitaa kumi na saba. Bondeni ilikuwa ya pili kutoka juu.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda mbio. Mitaro ilichelewa msimu mzima wa mvua. Paneli za kwanza ziliwekwa vibaya, zikatazama kiwanda badala ya jua, zikafunikwa na vumbi jeupe kama keki. Bi Hodi alikwenda ofisini mara nyingi sana mpaka mlinzi akaacha kumwandikisha getini. Lakini siku ilifika. Kila mlango ukapata mita yake na jiko lake la umeme. Fundi wa umeme alimwita Bi Hodi aje kusoma mita ya kwanza, ya chumba cha tatu mkono wa kushoto.

Alikuja na fimbo yake. Akainua kioo. Fundi wa umeme akamwambia, "Bibi, hizi tumezifunga usawa wa uso."

Akaitazama ile mita, ana kwa ana. Akaishusha fimbo. "Basi kioo kimestaafu," alisema. Akakifungua papo hapo, akampa mdogo wake. Mpaka leo kiko pale kwa fundi cherehani. Wateja wanakitumia kutazama mgongo wa gauni. Na kikohozi? "Kinanitembelea," anasema. "Lakini siku hizi nacho kinapiga hodi kwanza."

Cheti hakikurudi ukutani. Binti yake anasema kilikaa kwenye droo, pamoja na risiti na nyuzi. Ukutani, juu ya redio, mama alibandika fomu tupu ya kijani ya toleo jipya. Pembeni ya kile kisanduku sasa pameandikwa kwa herufi ndogo: gonga, subiri ujibiwe, kisha andika.

Wasikilizaji wapendwa, tunafika mwisho.

Jumatano binti yake alikuja hapa redioni na tangazo la kifo. Mnayajua matangazo yetu. Marehemu ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Mwenzangu wa mapokezi alilipokea, akasoma: "Ameacha binti mmoja, mdogo wake mmoja, wajukuu wawili, na milango kumi na tisa." Akauliza, "Milango? Dada, si ungeandika tu majirani?"

Binti akasema, "Ukiandika majirani, umeandika moja."

Kwa hiyo leo hatutasema poleni wafiwa kisha tukamaliza. Tunampa pole binti yake mwalimu. Tunampa pole mdogo wake, fundi cherehani wa chumba cha tatu. Tunawapa pole wajukuu wawili. Pole kwa msichana wa ramani, ambaye sasa anafundisha wenzake kupiga hodi. Pole chumba cha kwanza, kwa bibi na kuku wake. Pole chumba cha pili. Pole kinyozi wa chumba cha kumi na mbili, tajiri wetu. Pole mama wa chumba cha kumi na tano, yule mtoto wa mgongoni tumesikia ameanza shule. Pole kibarua wa chumba cha kumi na tisa, tunajua ulitoka zamu, tunajua umechelewa kusikia. Na ambao sijawataja, sikuwasahau. Mungu amlaze mahali pema Bi Hodi, na awape nyinyi subira.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kazini kwako, kwenye daftari lako, kwenye mpango wako mzuri wenye nia njema, ni wapi umeandika moja kwa sababu ulifundishwa hivyo? Na ni kina nani wamesimama nyuma ya hiyo moja, kwenye moshi, wakingoja kuulizwa?

Nendeni mkagonge. Mara tatu. Na msiondoke haraka, kuna mtu ndani bado anavaa shati.